Anaujua Muda wa Kila Ndege, Hajapanda Hata Moja

Saa saba mchana. Mlango wa ofisi ya tiketi unafunguliwa kwa kishindo, anaingia mzee aliyevaa suti, akiburuta begi la magurudumu.

"Mwanangu, nionyeshe njia ya uwanja wa ndege. Ndege yangu ni saa nane."

Mkata tiketi anaipokea karatasi, anaisoma, anafumba macho. Imeandikwa 08:00. Ndege ilishatua zamani, abiria wenzake wanakula chakula cha mchana.

"Baba, hii ni saa mbili asubuhi. Si nilikuandikia hapa kwa kalamu nyekundu?"

"Nilidhani hiyo ni saa ya kuamka."

Huyo ni wa tatu wiki hii. Kwa miaka tisa mkata tiketi huyu, mama wa watoto wawili, ambaye wenzake humwita Dakika, amejibu swali lilelile: mpaka mji wa pili kwa ukubwa nchini, ndege inachukua muda gani? Saa moja na dakika ishirini. Hulijibu hata usingizini, mumewe ni shahidi.

"Na ukiwajibu wanabisha," ananiambia, nikiwa nimeketi kando ya dirisha lake. "Juzi kaka mmoja kaniambia, kwa basi ni kilomita elfu moja na arobaini, ninyi mbona mnanipa mia saba na sitini? Nyingine ziko wapi? Nikamwambia, kaka, hizo ni kona, na ndege haikati kona. Akataka apunguziwe nauli!"

Anacheka, ila cheko lenyewe limechoka. Mama yake anaishi hukohuko mji wa pili. Kwa basi ni saa kumi na nane, na hawajaonana miaka minne. Tiketi ya bure ya mfanyakazi anayo. Ruhusa ndiyo ilikosekana. Mara tatu bosi alimwambia asubiri msimu wa abiria wengi upite.

"Msimu gani huo usiopita?" anauliza, akigonga mhuri kwa nguvu isiyohitajika.

Alhamisi hii mama yake anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Bandeji itafunguliwa Ijumaa asubuhi, na mama ameapa kwamba uso wa kwanza atakaouona utakuwa wa binti yake. Kwa hiyo juzi Dakika aliingia kwa bosi bila hodi, akatoka na siku tatu.

"Nilimwambia atie saini, au akae dirishani mwenyewe na wateja wa saa nane."

Tukiwa tunazungumza, mama yake anapiga simu. Binti anaiweka kwenye spika huku akimtafutia yule mzee nafasi kwenye ndege ya jioni.

"Mama, nakuja Alhamisi. Kwa ndege."

"Ni mbali, mwanangu. Utachoka."

"Wala! Ni saa moja na dakika ishirini tu."

Mama anayarudia maneno hayo, taratibu.

"Saa moja na dakika ishirini? Nami nimekusubiri miaka minne?"

Machozi yanamlengalenga Dakika. Anatoa tiketi yake kwenye mkoba, anachukua kalamu nyekundu na kuandika juu yake: saa kumi na moja jioni. Anaizungushia duara. Halafu la pili.