Fungu la Mpishi wa Duara

Katika machimbo ya Nyarugusu, wilayani Geita, mwanamke hakuruhusiwa kusogelea mdomo wa duara, yaani shimo la wachimbaji. Iliaminika kwamba akichungulia, dhahabu hukimbia. Kulilisha duara, hata hivyo, aliruhusiwa. Mpishi aliyekubali kuwapa wachimbaji wa duara moja chakula cha kila siku bila malipo alitengewa fungu: mfuko mmoja katika kila mifuko kumi ya mawe yenye dhahabu, siku mawe yatakapopatikana. Sharti lilikuwa moja. Jioni tatu mfululizo zikipita bila chakula, fungu linarudi kwa wachimbaji, hata kama mpishi amewalisha miaka.

Holo Maige, aliyefahamika zaidi kama Mama Gregory, aliingia katika utaratibu huo Juni 1996, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Alitoka Ushirombo, ambako alishona nguo kwa miezi mitano akaacha, kwa kuwa mitumba ilimtangulia katika kila mnada. Kisha alisafirisha samaki wakavu hadi Kahama. Mvua ikamwozeshea mzigo mmoja, akaacha tena. Majirani walisema hadumu. Naye akachukua somo hilo kama lilivyo: kosa lake ni kuondoka mapema. Aliwasili Nyarugusu na cherehani, mbuzi sita na sufuria mbili kubwa, akiwa ameapa kudumu.

Duara lake lilisimamiwa na Ngassa, mtu mzima mwenye utani mwingi, na lilikuwa na wachimbaji tisa.

"Mayu, sisi tunashuka, wewe unapanda," Ngassa alimwambia siku ya makubaliano, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mwakani utatupikia umekalia kiti cha kuzunguka."

Mbuzi waliuzwa mmoja mmoja, kisha cherehani, vyote vikageuka unga na maharage. Kila jioni Holo aliuliza wamefika wapi, na kila jioni aliambiwa wamekaribia. Mdomo wa duara ulikuwa hatua mia mbili kutoka jikoni kwake, lakini hatua hizo hakuwa na ruhusa ya kuzipiga. Na kadiri alivyolisha ndivyo kuondoka kulivyozidi kuwa ghali: Agosti angepoteza mbuzi wawili, Julai iliyofuata, mbuzi wote na cherehani.

"Toka, mwenzangu," Mwanaima, muuza chai wa jirani, alimwambia Holo.

"Nitoke na nini? Vyote viko shimoni."

Septemba 1997 alibakiwa na debe moja la unga. Asubuhi moja, akiwa anapepeta maharage, wabeba miti walipita mbele yake wakipeleka matimba kwenye duara jingine. Udongo wa pale ni laini. Shimo haliwezi kushuka hatua mbili bila miti mipya ya kuzuia kuta, na njia pekee ya kutoka porini ilipita mbele ya jiko lake. Ungo ukasimama mikononi. Miti ya mwisho kuelekea kwa Ngassa ilipita kabla ya Pasaka.

Jioni Ngassa alikuja kuchukua chakula pamoja na mchimbaji wake, Marselino.

"Shikamoo, baba. Mmefika mita ngapi?"

"Marahaba. Arobaini na ushee. Harufu ya dhahabu tunaisikia."

"Tangu Pasaka mmeshuka ngapi?"

"Kama kumi hivi."

"Kumi, bila mti hata mmoja? Kuta mnazizuia kwa migongo?"

Marselino alicheka, kisha akamtazama Ngassa. "Mwambie, mzee."

Ngassa aliinama kuinua sufuria ya chakula. Ikabidi Marselino aeleze: Aprili walikutana na maji. Tangu hapo hawakuchimba. Kutwa walichota kwa ndoo, na kulipokucha maji yalikuwa yamerudi palepale.

"Tukiondoka, wengine watalichukua duara," alisema. "Hujanaswa peke yako, mama."

Kesho yake Holo hakuwasha moto. Siku ya pili Ngassa alikuja peke yake, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Sufuria inaumwa?"

"Imepumzika."

"Kesho ni ya tatu. Miezi kumi na mitano unaitupa hivihivi? Kiangazi hiki maji yanaweza kushuka."

Hilo halikuwa uongo, na Holo alilijua. Maduara mengine yalikwisha kukauka namna hiyo. Debe lile lingewalisha watu tisa siku nne na kulinda fungu lake. Baada ya hapo angekuwa na fungu bila unga. Siku ya tatu alichota unga mara mbili kwenye ungo, na mara mbili akaurudisha debeni. Mwanaima alikaa naye. Jua lilipozama Ngassa alifika na mashahidi wawili, kama desturi ilivyotaka, akatamka kwamba fungu limerudi. Alimpa Holo mkono. Mwanaima alilia, Holo alimwomba kuni za asubuhi.

Siku ya nne alipika kando ya njia, akauza kwa sahani. Wabeba miti walikula, wakalipa. Jioni Marselino alitokea na sahani yake mkononi, kwa mazoea.

"Ni bei gani kwako?" aliuliza.

"Ileile ya wenzako."

Alijipapasa mifuko yote miwili. Halafu akageuka kurudi kwenye maji yake, na sahani tupu. Holo alimtazama mpaka alipofika pale ambapo mwanamke hafiki, akafunika sufuria chakula kisipoe.