Kikohozi cha Ubeti wa Tatu

Fundi bomba wa mtaa huu anaitwa Laivu. Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho, linakula vumbi. Hili jingine alilipata kwa santuri moja tu. Kaka yake mkubwa alipookoka, aliitupa jalalani. Laivu akaenda kuiokoa na yenyewe.

Ilikuwa ya mwimbaji wa rokenroli aliyetikisa dunia, imerekodiwa laivu ukumbini, mbele ya umati unaopiga mayowe kama nyumba inaungua. Siku hiyo mwimbaji alikuwa na mafua. Sauti inakwaruza kama mlango wa stoo, na kwenye wimbo mtamu kuliko zote, ubeti wa tatu, anakatika katikati ya mstari, anakohoa, koh-koh-kohooo, kisha kiitikio kinalipuka.

Laivu hakuwahi kuusikia wimbo huo kwa namna nyingine. Lugha yenyewe haijui hata neno moja. Alikariri milio tu, na kikohozi kwake kilikuwa mlio kama mingine, tena ndio uliomkaa vizuri kooni. Alipounda bendi na rafiki zake, mwoka mikate kwenye ngoma na mchomelea mageti kwenye gitaa, waliupiga vile vile ulivyo, mafua na yote. Mwoka mikate alikifanya kikohozi kuwa ishara yake: akikisikia, anashusha vijiti. Wacheza dansi nao wakakitungia mtindo: Laivu akikohoa, ukumbi mzima unachuchumaa, kiitikio kikiingia, wote juu. Miaka nenda miaka rudi mtaa ulichuchumaa kwa sababu ya mafua ya mtu wa mbali, na hakuna aliyeuliza. Watu wamechuchumalia mambo ya kipuuzi kuliko hayo, tena bila muziki.

Basi binti yake wa pekee akapata mchumba. Wakwe walikuwa watu wa kukunja leso pembe nne baada ya kupenga kamasi. Baba mdogo wa bwana harusi alikuwa na nyimbo za mwimbaji yule yule, lakini zile za studio, safi, hata mbu hapiti.

Binti alimkuta baba yake chini ya sinki la jikoni, miguu nje.

"Baba, utaniimbia ule wimbo harusini?"

"Swali gani hilo? Nitauimba mpaka keki icheze."

"Ila nakuomba kitu kimoja. Usikohoe."

Spana ikaanguka. "Nisifanye nini?"

"Usikohoe, baba. Wale hawatujui. Watasema bibi harusi katoka nyumba ya wagonjwa wa kifua. Siku moja tu."

Laivu akajitoa chini ya sinki, maji yakimchuruzika sikioni. Binti huyu hakuwahi kumwomba kitu akakikosa. "Sawa, mama. Sikohoi."

Wiki nzima alijifunza kutokohoa. Alijaribu kwenye bafu za wateja, alijaribu nyumbani mkewe akimsimamia na mwiko mkononi. Kila akifika pale, koo linawasha lenyewe.

"Mwanamume mzima unashindwa na koo lako?" mkewe alimcheka.

"Silo langu hili. La yule bwana."

Siku ikafika. Ubeti wa kwanza ukaenda, wa pili ukaenda, baba mdogo akitikisa kichwa kwa kuridhika. Wa tatu. Koo likaanza. Laivu akabana midomo, macho yakamtoka, mishipa ya shingo ikasimama, akameza. Hakukohoa!

Kimya.

Mwoka mikate vijiti viko juu, anasubiri. Mchomelea anamtazama mwoka mikate. Watu wa mtaani nusu wamechuchumaa kwa mazoea, nusu wamesimama wameduwaa. Shangazi wa bwana harusi kajikwaa kwenye mgongo wa muuza magazeti, kamkalia kama kiti.

"Umeme umekatika?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Umeme upo! Aliyekatika ni Laivu!"

Akikohoa, kavunja ahadi. Asipokohoa, harusi ya mwanawe itabaki imechuchumaa mpaka kesho. Akamtazama binti yake kwa macho ya kuomba ruhusa.

Binti alikwisha kuinuka. Akakusanya gauni kwa mikono miwili kama anayevuka dimbwi, akapita kati ya meza, akampokonya baba yake maikrofoni, akakohoa. Si kile cha adabu, cha kuziba mdomo. Kikohozi kizima, cha mafua kamili, kama alivyokisikia tangu yuko tumboni.

Vijiti vikashuka. Kiitikio kikalipuka. Wote juu! Shangazi akarushwa na kiti chake, akatua akicheka, akadai urudiwe. Wakaurudia mpaka mama mkwe mwenyewe akawa anachuchumaa kabla ya wote, akilalamikia magoti wakati wa kupanda tu.

Baadaye baba mdogo alimvuta Laivu pembeni. "Bwana mkwe, umeimba vizuri. Lakini wimbo ule ninao nyumbani, na kile kikohozi hakimo."

Laivu akamwekea mkono begani, kwa huruma ya kweli. "Pole sana, ndugu yangu. Walikupunja."

Baba mdogo akafikiri, akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Hiyo yako, unaweza kuniazima?"

"Kuazima siazimi. Njoo nyumbani Jumapili. Na uvae suruali pana."