Lebo ya Fahali

Nilimsajili fahali hospitalini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolifanya mwanzo, na ndilo la kijinga kuliko yote yaliyofuata. Nilimwandikia majina matatu kama mtu wa heshima zake, Fahali Mkavu Ilembo. Kwenye jinsia nikaweka mwanaume, kwenye ujauzito nikaweka ndiyo, na ile kompyuta iliyokuwa inasifiwa kama bibi harusi ikameza yote bila hata kukohoa. Hapo ndipo nilipoanza kuidharau.

Mtaalamu aliyeileta nilishamdharau tangu anashuka kwenye gari. Alikuja Mpanda na raba nyeupe. Raba nyeupe, Mpanda, kiangazi! Kabla ya chakula cha mchana zilishakuwa rangi moja na barabara, na yeye bado anazipangusa na kitambaa kama mtu anayembembeleza mtoto. Alikuwa ametumwa kutufungia mashine ya kuchapa lebo za maabara, zile karatasi za gundi zenye jina la mgonjwa na vistari vyeusi kama vya kwenye sabuni, za kubandika kwenye chupa ya damu. Ukimuuliza vumbi je, anasema mfumo unajua. Umeme ukikatika? Mfumo unajua. Mimi niko kidato cha tatu na hesabu zinanipiga chenga, lakini kitu kilichokubali fahali mwenye mimba hakijui chochote.

Nilikuwa nafanya nini humo? Mama yangu ndiye mkuu wa hiyo maabara. Mtaalamu alitaka mtu wa kumwingizia wagonjwa wa uongo wa kujaribia, shule zilikuwa zimefungwa, mama akanipeleka.

"Huyu kompyuta anaiweza," alisema. "Nyumbani kazi yake ni kumaliza sukari."

"Safi, dogo," mtaalamu akasema. "Andika yeyote tu. Ukimaliza unafuta wote."

Nilifuta wote, nikambakiza fahali.

Sasa lazima nieleze kwa nini mama aliitaka ile mashine kuliko wengine wanavyotaka kiwanja. Damu nyingine huletwa pale kwa pikipiki kutoka zahanati za mbali, huko Mishamo na kwingine, ndani ya boksi la barafu. Wanaoituma wanazungushia chupa kipande cha plasta, wanaandika jina kwa kalamu. Barafu ikiyeyuka, jina linaogelea. Likifika mjini limebaki doa la bluu. Mama hawezi kupima damu isiyo na mwenyewe, kwa hiyo anaimwaga, na mwenyewe anaitwa apande pikipiki upya aje atobolewe upya. Niliwahi kumkuta ameshika chupa moja anaigeuzageuza dirishani, macho kayabana, hajui kama nipo. Kisha akaenda kuimwaga.

Kwa hiyo mkuu wa hospitali aliposema mashine itajaribiwa mbele ya wageni, ikifaulu inabaki na ikizingua inapelekwa kwingine, mama alianza kuisalimia asubuhi. Kweli. Anaingia, anaifuta vumbi, anasema, "Umeamkaje?" Anaisalimia printa, wakati mimi mwanaye wa kuzaa nilikuwa naamshwa kwa kuvutwa shuka.

Siku ya jaribio wageni wakakalishwa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na maji yake ya chupa, wakawa wanaafiki kwa vichwa kabla hata hakijafanyika kitu. Wagonjwa walikuwa kwenye benchi. Wa kwanza babu mmoja mfugaji, mgolole begani, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa apasuliwe ngiri kesho yake, na alitakiwa apimwe kundi la damu ili ikibidi kuongezewa wajue aongezewe ipi. Baada yake mama mmoja mjamzito aliyekaribia kujifungua, naye hivyohivyo.

Mama yangu ana tabia moja ambayo mimi nilikuwa naiita upolisi. Hakuulizi "wewe ni fulani?" Anakuuliza "jina lako nani?" halafu ananyamaza mpaka ulitaje kwa mdomo wako. Mtaalamu alishaiona na ilikuwa inamkera.

"Dada, hapo ndipo nyie mnapopotezea muda," alimwambia. "Jina liko kwenye lebo tayari. Leo usiulize. Mimi naita dirishani, nabandika lebo kwenye chupa, mgonjwa anakuja nayo huko ndani kwenye pazia, wewe unatoa damu tu. Wageni waone kasi."

Mama akaitazama printa. Kisha akasema, "Haya, kaka."

Nilimdharau na yeye hapo. Kidogo, lakini nilimdharau.

Mtaalamu, siku hiyo kaazima koti jeupe la maabara, akabonyeza. Printa ikanguruma, ikaanza kutoa ulimi wa lebo kwa mpangilio wa waliosajiliwa. Ya kwanza nilikuwa naijua. Nilikaa kwenye kona yangu nimejiziba mdomo, nasubiri aisome, ashtuke, raba zimkwame, wageni wacheke. Mpango mzima ulikuwa huo tu.

Aliisoma. Hakushtuka. Akajisafisha koo, akaita kwa sauti ya mtangazaji: "Fahali Mkavu Ilembo!"

Hakuna aliyeinuka. Mtu huyu alidhani ndivyo tunavyoitwa huku!

Akamgeukia babu. "Mzee, wewe ndiye Fahali Mkavu?"

Babu akatazama koti jeupe, akavua kofia. "Ndiyo, daktari."

Yule si daktari hata wa kuku. Lakini huku kwetu aliyevaa koti jeupe habishiwi. Akikuambia una mapacha, unasema ndiyo, hata kama wewe ni babu mwenye ngiri. Mtaalamu akabandika fahali kwenye chupa, akampa babu, babu akaibeba kwa mikono miwili, akaingia nyuma ya pazia. Wageni wakapiga makofi. Nilikuwa karibu kupasuka.

Halafu akakata lebo ya pili. Hiyo ndiyo ilikuwa ya babu, jina lake la kweli. Akamgeukia mjamzito, akalitaja. Jina la kiume kabisa, huwezi kumpa mwanamke hata kwa adhabu.

"Ni wewe, mama?"

Yule mama akainamisha kichwa. "Ndiyo, daktari."

Hapo kicheko kikaniishia. Damu ya yule mama ilikuwa inaenda kuandikwa ya babu, na babu anapasuliwa kesho. Wangemwongezea ya nani? Niliangalia watu wazima wote mle, mkuu wa hospitali, wageni, mtaalamu na kamba yake ya kitambulisho. Hakuna aliyesoma kitu. Walikuwa wanatazama kasi.

Nikajitosa nyuma ya pazia. "Mama, usimpime huyo! Fahali ni wangu!"

Mama alikuwa ameshatoa damu, chupa iko mkononi. Akavaa miwani, akaisoma lebo polepole. Akamuuliza babu, "Baba, jina lako nani?" Babu akalitaja. Lile lile lililokuwa limebandikwa kwenye chupa ya mjamzito.

"Mbona umekubali la kwenye chupa hii?"

"Mwanangu, daktari ndiye kasema. Mimi nani nimbishie?"

Mtaalamu alikuwa ameshafika. "Lakini mzee mwenyewe amekubali! Mfumo hauna kosa."

"Kaka," mama akasema, "mfumo wako unamjua huyu baba kwa jina gani? Nipishe." Mtaalamu akarudi nyuma, akakanyaga ndoo ya maji ya dawa, na habari ya raba ikaishia hapo. Hata hiyo sikuicheka.

Damu ya fahali ikamwagwa, na chupa ya mjamzito ikabanduliwa lebo. Babu akatoa mkono mwingine, akatobolewa tena, na alipopita kwenye kona yangu akanishika kichwa, akasema, "Pole, kijana." Mimi ndiye niliyepewa pole.

Printa haikuachwa na haikuchukuliwa. Mkuu alisema jaribio lirudiwe wiki ijayo, majina ayaulize mama kwa namna yake, na mimi nisionekane hata getini.

Tulirudi nyumbani Ilembo kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma. Nilijiandaa kwa fimbo. Tulipofika alivua viatu mlangoni, akaviweka sawa, kisha akasema: "Yule baba amekubali kuitwa fahali kwa sababu ya heshima. Wewe uliyemwandika huyo fahali ulikuwa na sababu gani? Usinijibu. Kachote maji."