Duara la Dhahabu Mlangoni

Niliacha shule darasa la sita, lakini kuuliza sikuacha. Mwaka 2017 nilikuwa nakata stika kwenye kiduka cha uchapaji mtaa wa Marshalltown, ugenini kusini. Mzee mmoja akaagiza, kwa ajili ya kanisa lake, nembo ya zamani ya mchungaji Mjerumani aliyeanzisha Uprotestanti: msalaba mweusi ndani ya moyo mwekundu, moyo ndani ya waridi jeupe, nyuma yake buluu, kisha duara la dhahabu kuzunguka vyote. Nilimbana yule mzee mpaka akanieleza kila rangi. Stika zilizozidi nikapewa. Moja nikaibandika mlangoni kwangu, chumba nilichopanga mtaa wa La Rochelle.

Mwenye nyumba, mama wa Kikongo aliyeongoza maombi sebuleni, alipoiona alirudi nyuma hatua mbili.

“Toa hiyo kitu. Iko ya mafrimasoni.”

“Ya kanisa, mama.”

“Kanisa gani la maua?” akadakia jirani yangu, fundi cherehani. “Na wewe Mwislamu wa Tanga, inakuhusu nini?”

“Nimeikata kwa mkono wangu, nikauliza maana yake, nikajibiwa. Wewe umemuuliza nani?”

“Eish! Profesa!”

Mama akanipa mpaka Jumapili: itoke stika au nitoke mimi.

Jumapili, maombi yalipoisha, nikaingia sebuleni na vipande vya stika nyingine. Kazini kwetu kila rangi hukatwa peke yake, ndipo zibandikwe pamoja. Nikaviweka mezani kimoja kimoja.

“Msalaba huu ni wa shetani?”

“Wa Yesu,” mama akajibu.

“Moyo?”

“Wa mtu anayeamini.”

Waridi jeupe mama alilitazama sana. “Malaika wanavaa nyeupe,” akakubali. Buluu akaiita mbingu kabla sijasema. Nikaweka duara.

“Nyoka!” fundi akaruka. “Anajing’ata mkia!”

Sebule nzima ikakemea shetani. Mama peke yake alisema taratibu, “Mwanangu, kata hiyo duara tu, ubaki.”

Chumba kile nilikipenda. Kilikuwa na dirisha la mashariki. Lakini duara ndiyo furaha isiyo na mwisho, hivyo ndivyo nilivyoelezwa, na hakuna aliyeniambia maana nyingine zaidi ya woga wake.

“Sikati, mama.”

Nikabeba godoro mchana kweupe, wote wakitazama. Stika sikuibandua.

Mwaka uliofuata nilipita pale. Mlango umepakwa rangi ya kahawia, tabaka nzito. Nikapitisha kidole: duara bado limeinuka chini ya rangi, zima.