Kopo Jeusi Katikati ya Bodi

Juzi, pale Karatu mjini, nilimwona fundi wa televisheni akichomoa pawa saplai, bodi inayoingiza umeme, kwenye soketi, kisha akagusisha nyaya za balbu kwenye miguu ya kapasita. Balbu iliwaka kidogo, ikafifia, ikazimika. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Baba alikuwa fundi redio kijijini Rhotia. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, alikuwa akitengeneza redio ya upepo, ambayo zahanati iliitumia kuitia gari la wagonjwa. Bodi yake ya pawa saplai ilikuwa ikiunguza fyuzi kila alipoiwasha. Chumba kilinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, na jenereta la misheni lilinguruma nje. Alichomoa plagi, akageuka kutafuta transista nyingine. Mimi niliona kopo jeusi linang'aa katikati ya bodi, nikanyoosha kidole kuligusa.

"Acha wewe!"

Alinipiga mkono kwa nguvu hadi nikaanguka pamoja na kigoda.

"Baba, si umeshazima?"

"Toka nje. Nenda kwa mama yako."

Nililia kwenye mahindi. Niliamini kwamba anakipenda kidude kile kuliko mimi. Sikujua kwamba kopo lile ni kapasita, kwamba umeme hubaki ndani yake hata plagi ikichomolewa, na kwamba ule ungetosha kuniua.

Jioni redio iliita gari, watu wakamsifu baba. Yeye alikuwa amekaa mlangoni, mikono ikimtetemeka hadi chai ikamwagika. Nilidhani ni uchovu, nikapita bila kumsalimia.