Stenti Iliyodondoka Ndani Yangu

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kutoka Ndhiwa hadi Lambwe, kisima kirefu kikikataa kutoa maji ni mimi huitwa. Kwa hiyo siku daktari aliponipitishia waya kutoka mkononi hadi kwenye moyo, aweke stenti, kile kijibomba cha wavu cha kupanua mshipa ulioziba, nilikuwa macho na nilifurahia kuitazama kazi yake. Nilimwuliza huo waya ni wa geji gani, yaani unene wake. Wauguzi wakacheka.

Halafu chumba kizima kikanyamaza. Kimya hicho nakijua. Mafundi wakinyamaza wote pamoja, kuna kitu kimeanguka kisimani.

"Daktari," nikasema, "umeangusha, ama?"

Hakunificha. Kijana wa rika la kitinda mimba wangu, jasho likimtoka, alieleza kwamba stenti imechomoka na kukwama njiani, damu haipiti. Lazima wenzake wa upasuaji wanipasue kifua sasa hivi waitoe, kisha washone mshipa kutoka mguuni upitishe damu kando. Moyo utasimamishwa, mashine ishike zamu.

"Hata mimi huzima pampu kwanza," nikamwambia.

Mke wangu, binti wa Migori asiyeogopa mtu, aliitwa tukubaliane. Hakutaka. Alisema walioangusha wasinifungue, nihamishwe. Kifua kilibana kama kimekaliwa na fahali, na bado kicheko kilinitoka. Nikamkumbusha zile paipu sita zilizonichomoka kwenye kisima cha shule kule Rodi Kopany. Sikutoroka. Nilimwendea mwalimu mkuu mwenyewe, nikamwambia, nikatengeneza ndoano ya chuma, nikazivua zote. Huyu kijana naye amekuja mwenyewe kuniambia.

Mke wangu akanitazama. "Na kile kisima kilitoa maji tena?"

"Siku ya tatu."

"Basi tia sahihi."

Muuguzi akaleta wino wa kidole gumba. Nikaurudisha. Jina langu naliandika mwenyewe, herufi zote, hata nikiwa chali.

Nilipoamka na kutolewa bomba kooni, swali langu la kwanza lilikuwa kama wameivua. Daktari wa upasuaji akainua kichupa. Kitu chenyewe kimejikunja, hakifiki punje ya mchele! Nilicheka mpaka mishono ikauma. Yule kijana alikuwa amesimama mlangoni, hathubutu kuingia.

"Wuoda, ingia," nikamwita kwa Kijaluo, kama ninavyoita wanangu. "Mimi niliangusha sita, tena ndefu kuliko wewe."

Mke wangu hakucheka. Alinishika mkono, akatafuta mapigo kwa vidole viwili, akatulia.

"Maji yanatoka," akasema.