Kipepeo Niliyemzulia Kwao

Juma lililopita binti yangu aliniita kwenye kamba ya nguo. Kidude cha rangi ya udongo kilikuwa kimetua juu ya shuka mbichi, kimetulia tuli. "Mama, njoo uone nondo," akasema. Nami, kabla sijafikiri, mdomo ukajibu wenyewe: "Huyo si nondo. Tazama ncha za vipapasio vyake." Mtoto alinikodolea macho. Mimi ni karani wa ofisi, na tangu azaliwe hajawahi kunisikia nikisema neno juu ya mdudu yeyote isipokuwa mende.

Siku hiyo ugali wangu ulishika sufuria. Mwili ulikuwa jikoni, lakini mimi nilikwisha kurudi kijijini kwetu Kosele, miaka ya tisini, darasa la saba, siku ambazo niliishi na nyanya yangu mzaa baba na magoti yangu hayakujua mafuta.

Mwaka huo tuliletewa mwalimu wa sayansi kutoka upande wa Kuria, kule Migori inakokaribia mpaka wa Tanzania. Kijaluo hakukijua hata cha kuombea maji, kwa hiyo ilitubidi tuzungumze naye Kiswahili, na Kiswahili chetu wakati huo kilikuwa cha kuchechemea. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye shati moja la kijani ambalo sisi wanafunzi tuliamini alilala nalo. Wiki ya kwanza aliingia darasani na chupa ya jamu, ndani yake mna kipepeo mdogo wa kahawia. Tulicheka. Kijito chetu kilijaa vipepeo wa manjano na wa buluu wa kupendeza macho, naye kaokota huyu aliyefanana na jani la chai lililokwisha kuchemshwa!

"Huyu ndiye asiye na mwenyewe," alituambia. "Wapenda nondo wanasema ni kipepeo. Wapenda vipepeo wanasema ni nondo. Sasa nyinyi mtazameni, mniambie ni wa nani."

Tukamtazama. Kichwa kipana, mwili mnene kuliko mabawa yake yalivyostahili, vipapasio vimetengana na kupinda nchani kama ndoana. Alituchukua hadi uwanjani tuwaone wakiwa hai. Hawa hawapepei kama wenzao. Wanaruka ghafla kama mtu anayevuka mtaro, wanatua, na ukishatua macho yako hapo wamekwisha kuondoka. Mwalimu alisema hata Wazungu waliwapa jina kwa huo mruko, basi sisi tutawaita warukaji. Akatufundisha kuwatenga kwa namna wanavyotua. Wapo wanaotandaza mabawa bapa kama kitambaa cha meza. Wapo wadogo wa majanini, wanaoinua mabawa ya mbele na kuyalaza ya nyuma, kama kitabu ambacho mtu amekiacha nusu wazi. Halafu wapo wakubwa wenye mbio, wanaotoka alfajiri na jioni, ambao hufunga mabawa kabisa wakitua. Hao aliwaita askari. Yeye mwenyewe hakuwa amempata askari hata mmoja tangu aje.

Rafiki yangu, sijui ni nini kilichonishika. Nyumbani kazi hazikuisha: kuteka maji, kuchambua apoth, ule mlenda wa mboga, kumbebea nyanya nyasi. Nyanya alikata nyasi za kuezekea na kuziuza Oyugis siku ya soko, na pale nyuma ya boma letu zilimea ndefu hadi kumzidi mtu mzima kimo. Asubuhi zilinukia umande na mavi ya ng'ombe. Humo ndimo nilimokuwa nikiwakamata warukaji, kwa wavu niliotengeneza kwa kipande cha chandarua na waya, na kila Jumatatu nilifika shuleni na wanne, watano, kila mmoja ndani ya karatasi iliyokunjwa pembetatu.

Mwalimu akataka kuona wanakotoka. Alikuja Jumamosi moja, akapewa uji wa wimbi kwenye kibuyu, akaanza kumweleza nyanya habari za mabawa bapa na mabawa nusu wazi. Nyanya alimsikiliza hadi mwisho, halafu akamjibu kwa kile Kiswahili chake cha sokoni:

"Mwalimu, wewe naangalia mabawa tu. Mabawa ni nguo. Angalia mtoto yake nakula nini."

Akamvuta hadi kwenye nyasi, akafungua jani lililojikunja kama sigara, na ndani yake mlikuwa na kiwavi wa kijani mwenye kichwa kikubwa. Akampeleka kwenye miwa, akafungua jani jingine, kiwavi mwingine. "Hii na hii ni ndugu. Nakula nyasi, naharibu nyasi yangu. Ile nakaa kama kitambaa ya meza, mtoto yake iko kwa kichaka. Nyasi hapana gusa."

Mwalimu alisimama na kibuyu mkononi, uji unapoa. "Mama," alisema, "haya yameandikwa kwenye vitabu. Nani alikuambia?"

"Nyasi ni yangu," nyanya akajibu, akashangaa kwa nini swali hilo linaulizwa.

Baada ya hapo ndipo mwalimu alipoanza ramani. Aligundisha karatasi tatu za manila kwa uji wa unga, akachora kuanzia ziwani hadi mpakani, Homa Bay na Migori zote, akaitundika nyuma ya darasa. Kila mwanafunzi aliyekwenda kwa jamaa zake likizo alitakiwa kurudi na warukaji, na juu ya kila karatasi aandike mahali, siku na mmea. Mwalimu angetia nukta ya wino mwekundu mahali pale. "Kipepeo asiye na mahali," alikuwa akisema, "ni vumbi la rangi." Nukta zikaongezeka Oyugis, zikaongezeka Migori mjini, zikateremka hadi kwa Wakuria. Upande wa Kisegi, kule ufuoni mwa ziwa, palikuwa peupe. Na mimi nilikuwa na shangazi Kisegi.

Likizo ya Agosti nikaenda. Mume wa shangazi alikuwa mvuvi, na kazi ya shangazi ilikuwa kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Niliamka na harufu ile na nikalala nayo, na mpaka leo nikiisikia sokoni husimama kidogo. Mchana nilifukuza ndege, alasiri nikaingia majanini nyuma ya ufuo na wavu wangu. Nilikamata saba, wote wadogo wa nyasi. Niliwaweka katika kopo lililokuwa na mafuta ya kupikia, nikalificha chini ya kitanda. Kumbe harufu ya mafuta ilikuwa haijatoka. Siku ya kuondoka nilipolifungua, sisimizi walikuwa wamemaliza. Palibaki miguu na unga wa mabawa.

Nililia safari nzima. Darasa zima lilijua nimekwenda Kisegi.

Jioni mbili kabla ya shule kufunguliwa, nilikuwa namwaga maji nyuma ya choo cha nyanya, pale penye ua wa lantana, vile vichaka vya maua madogo. Kitu kilipita karibu na uso wangu kwa kasi ya jiwe, kikatua kwenye ua moja, kikafunga mabawa. Mkubwa, kijivu, na bawa la nyuma lina mkanda mweupe kama wa mlinzi wa lango. Askari. Nilimkamata, nikambinya kifua chake taratibu kama tulivyofundishwa, nikamkunja katika karatasi. Na juu yake nikaandika: Kisegi.

Sikufikiri ni uongo mkubwa. Nani angemtaka kipepeo wa nyuma ya choo cha nyanya? Nyumbani palikuwa nyumbani tu. Kisegi palikuwa mahali.

Mwalimu alipoifungua ile karatasi alikwenda mwenyewe kuleta wino. "Askari ziwani!" akatangaza, na darasa likanipigia makofi. Akaniuliza nilimwona saa ngapi, kwenye mmea gani, mbali kiasi gani na maji. Nikamjibu yote bila kukwama.

Wiki ya tatu ya muhula aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akasafiri Ijumaa kwenda Kisegi. Hatukumwona hadi Jumanne. Aliingia darasani akichechemea, midomo imepasuka kwa jua, jicho moja limevimba kwa kuumwa na nyigu. Gari lilikuwa limeharibika njiani na sehemu kubwa alikwenda kwa miguu. Tulingoja aseme.

"Siku mbili sikumwona," alisema. "Lakini aliyemwona amekaa hapa. Kutoona kwangu hakufuti kuona kwake."

Kisha akanitazama, akatabasamu kwa ile midomo iliyopasuka. Afadhali angenichapa.

Alasiri hiyo nilimkuta nyanya akikata nyasi, nikamwambia yote. Hakuinua kichwa.

"Alitembea?"

"Ndiyo, dana." Ndivyo tulivyowaita nyanya zetu.

"Jua hili?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya karatasi yako?"

Nikamwokotea nyasi zilizodondoka. Alifunga mganda, akaukanyaga kwa goti, akaukaza kamba. "Basi hata wewe una miguu," akasema, na akaendelea kukata.

Nilikwenda. Mwalimu alikuwa nje ya nyumba za walimu akisugua sufuria kwa majivu. Nilisimama mbali kidogo. "Mwalimu, yule askari si wa Kisegi."

Mkono wake uliendelea kusugua. "Ni wa wapi?"

"Wa nyumbani."

Alisuuza sufuria, akaiinamisha, akafuta mikono kwenye lile shati la kijani, vyote polepole. Aliniongoza hadi darasani, akateremsha ramani, akanipa upande mmoja niushike. Kwa wembe akaanza kukwangua ile nukta nyekundu hadi karatasi ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu.

"Unajua ninachokasirikia?" aliniuliza. "Si miguu yangu. Miguu itapona. Atakuja mtu mwingine kesho, tusiyemjua, ataitazama hii na kuamini." Akapuliza vumbi la karatasi. "Haya. Andika upya. Ukweli wote."

Niliandika, machozi yakidondokea kalamu: Kosele. Kwa nyanya, nyuma ya choo, ua wa lantana, jioni. Akaisoma. Akaisoma tena. "Jioni," alisema. "Jioni hii watakuwepo?"

Tulikwenda mbio, yeye na mguu wake mbovu. Alimwomba nyanya ruhusa kwa heshima zote, kama mtu anayeomba kuingia kanisani, na nyanya alicheka hadi akakaa chini, akisema kwamba amezeeka mpaka kuona mtu mzima mwenye cheti akiomba kukaa nyuma ya choo. Lakini naye alikuja. Tulichuchumaa watatu, tukinusa lantana na yale mengine, jua likishuka. Walikuja. Wawili, halafu wa tatu, kijivu na mkanda mweupe, wakiruka kutoka ua moja hadi jingine kwa ghadhabu. Mwalimu hakunyanyua wavu. Alishika mkono wa nyanya bila kujua, na nyanya akamwachia.

Kesho yake Kosele ilipata nukta nyekundu, na mimi ndiye niliyeitia.

Mwisho wa mwaka alihamishiwa kwao. Aliondoka asubuhi na ramani imekunjwa kwapani, na kwa muda mrefu ukuta ule wa nyuma ulibaki na alama nne za gundi. Mimi nikaenda sekondari, nikaenda chuo. Nyanya alifariki nikiwa mbali, akazikwa kabla sijafika. Binamu zangu walilima pale penye nyasi, kisha wakapanda mikaratusi. Nyumba zote sasa ni za mabati, na nyasi ya kuezekea hata ukiipata hutampata wa kumuuzia. Ua wa lantana uling'olewa, ukawekwa waya.

Miaka minne iliyopita kazi ilinipeleka Migori. Nilimuulizia mwalimu, nikaelekezwa kwenye duka la mwanawe. Mwalimu alikuwa amekaa kibarazani, macho yamepungua nuru. Nilimtajia jina, nikamtajia shule. Alifikiri sana, kwa adabu.

"Nisamehe, mama," alisema. "Wanafunzi ni wengi."

Nikamwambia habari za Kisegi, za uongo wangu, za wembe. Alitikisa kichwa. Hakukumbuka. Jambo nililolibeba miaka yote ile, yeye alikwisha kulitua njiani. Ramani nayo ilinyeshewa na mvua katika nyumba fulani aliyopanga. Lakini nilipomtaja mwanamke wa nyasi, uso ulifunguka.

"Yule mama! 'Mabawa ni nguo.' Yuko?"

"Alitutoka zamani, mwalimu."

Akanipa pole. "Na zile nyasi?"

"Zimeisha. Wamepanda mikaratusi."

"Na wao?"

Nilielewa anawauliza warukaji. "Sijaangalia," nikasema.

"Basi usiseme hawapo," alinijibu, taratibu, kwa sauti ile ya darasani.

Mwaka jana nilisikia kwamba mwalimu naye amefariki. Tangu siku ile ya kibarazani nimefika Kosele mara mbili, mara moja kwa mazishi na mara moja kwa arusi. Zote mbili walinisihi nilale, kitanda kimeandaliwa, chai iko motoni. Zote mbili nilipata sababu, nikaondoka kabla ya jioni, ile saa ya askari kutoka.